Mwenye Soketi Ndiye Anayepanga

Kuna ushauri mmoja umenichosha: "Panga chaji yako." Nimeusikia kwenye semina za chuoni na kwenye makongamano ya nishati safi, na kila mara anayeutoa ni mtu mwenye geti, mlinzi na soketi ukutani. Muhula uliopita mtoa mada mmoja alitusimulia alivyokwenda kulala ufukweni Bagamoyo ndani ya gari lake la umeme. Aliondoka betri imejaa, akatenga akiba ya kumrudisha, akawasha kiyoyozi usiku kucha. Makofi. Sina ugomvi na Bagamoyo. Ugomvi wangu ni sentensi aliyomalizia nayo, kwamba madereva wa bajaji za umeme wanahangaika kwa sababu hawana utamaduni wa kupanga.

Nasoma shahada ya uzamili ya mipango miji, na kwa miezi mitano nimekaa na madereva hao Kariakoo kwa ajili ya tasnifu. Hakuna watu jijini wanaopanga chaji kuliko wao. Yule ninayemwita kaka anajua Gerezani hadi Muhimbili kwenda na kurudi kunakula kiasi gani. Anajua abiria mmoja mwenye marobota ya vitenge kutoka Mtaa wa Kongo ana uzito wa abiria watatu. Ikifika saa kumi jioni akiwa na mistari miwili kwenye kioo, safari ya Mbagala anaikataa hata ukimpandishia bei. Kuna hesabu ya bosi kila siku, na betri ikizima katikati ya Msimbazi hesabu haisubiri.

Naye pia hulala ndani ya chombo chake, mara tano kwa wiki. Anajikunja siti ya nyuma katika yadi moja nyuma ya stoo, khanga ya mkewe usoni kwa ajili ya mbu, akilinda chaja isichomolewe na betri isiibwe. Chaji inachukua saa saba hivi. Umeme ukikatika usiku wa manane anaamka hapo hapo, kwa sababu feni ya chaja imenyamaza. Kisha anaanza kupiga hesabu: ukirudi saa tisa atapata safari ngapi kesho, usiporudi amwambie nini bosi.

Kwa nini asichaji nyumbani? Niliuliza swali hilo nikidhani nitaambiwa habari za roho mbaya ya mwenye nyumba. Nikakuta hesabu. Nyumba anayopanga Ilala ina mita moja ya LUKU na hakuna friji hata moja, kwa hiyo imebaki kwenye kundi la D1. Kwa agizo la bei la EWURA la 2016, kundi hilo hulipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hutozwa 350. Bajaji yake inakula yuniti saba kwa chaji moja. Usiku wa 11 imeshamaliza yuniti zote 75 za nyumba nzima, hata kama wapangaji wangekaa gizani. Kwa siku 26 za kazi ni yuniti 182. Mama mwenye nyumba akikataa, analinda taa za watu wanne. Ningekuwa yeye ningekataa.

Basi anabaki na yadi. Pale analipa shilingi 4,000 kwa chaji. Kwa bei ya kawaida ya T1, shilingi 292 kwa yuniti, yuniti hizo saba ni 2,044 kabla ya kodi. Weka kodi na tozo, bado kwa mwezi anamwachia mwenye yadi zaidi ya 35,000 kwa sababu tu soketi si yake. Na yule wa Bagamoyo? Kiyoyozi cha gari usiku wa joto la pwani kinaweza kula yuniti tano au zaidi, huku mwenyewe amelala. Kwa umeme huo bajaji inabeba watu karibu kutwa nzima. Nani hapo afundishwe kubana matumizi?

Wapo wanaosema umeme hautoshi. Baada ya mgao wa 2023 nilikuwa nawaelewa. Lakini Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na matumizi ya gridi hupanda jioni watu wanapopika na kutazama taarifa ya habari, kisha hushuka usiku, saa zile zile kaka anapochaji. Wengine wanataja moto. Kariakoo haijasahau Julai 10, 2021, soko lilipoungua, na hofu hiyo ni halali. Ila hatari niliyoiona mimi ni ekstensheni moja imebeba chaja nne, juu ya maboksi, kwenye sakafu yenye maji. Ukiwafukuza yadi watahamia kwenye ekstensheni mbaya zaidi.

Ushuru wa maegesho unakusanywa barabarani. Hayo hayo maegesho usiku yako wazi, na nguzo za umeme zimesimama pembeni yake. Funga pale soketi zenye mita, kila dereva aingize tokeni yake kwa namba yake, kwa bei ya T1 au chini yake baada ya saa sita usiku. Mlinzi mmoja anatosha mtaa mzima. Kaka arudi Ilala akalale kitandani.