Spea za kompyuta: Butiama isiuziwe mbuzi kwenye gunia

KOMPYUTA si kifaa cha ofisi za Serikali peke yake tena wilayani Butiama. Ipo kwenye steshonari za Kiabakari na Makutano, kwenye maduka ya pembejeo na kwenye vyama vya msingi vya ushirika (Amcos) vinavyokusanya pamba ya wakulima.

Kwa hiyo inapokufa, anayeumia si mwenye nayo peke yake. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hukosa pa kujazia fomu. Karani wa Amcos hushindwa kuingiza taarifa kwenye Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU). Mkulima anayetaka nakala ya kitambulisho kwa ajili ya ruzuku ya mbolea, ambayo tangu msimu wa 2022/23 huendeshwa kwa usajili wa kidijitali, hulazimika kupanda gari kwenda Musoma.

Ndiyo maana swali la wapi pa kununulia spea ya kompyuta, dukani au mtandaoni, si la vijana wa mjini tu. Ni swali la mtaji. Na wengi hulijibu kwa kuangalia bei pekee, jambo ambalo limewagharimu.

Swali hilo limekuwa zito zaidi katika siku za karibuni kwa sababu mbili. Kwanza, Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa programu ya Windows 10, ingawa watumiaji binafsi waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 13, 2026. Mashine nyingi za mtumba zilizoingia nchini zilikuwa zikitumia programu hiyo.

Pili, tangu nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya memori imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji wake kwenye vituo vya akili mnemba ambavyo vinalipa zaidi. Hata memori za zamani hazikusalimika. Bei inapopanda, mnunuzi hutafuta nafuu popote, na tapeli naye hupata soko.

Mtandao unaopita kwenye basi

Ni vyema kuelewa kwanza kwamba kwa mtu wa Mara, kununua mtandaoni mara nyingi maana yake ni kununua Kariakoo bila kufika Kariakoo. Mwenye duka Dar es Salaam huweka picha ya bidhaa kwenye Instagram au WhatsApp, mteja hulipa kwa simu, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Safari ni ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi stendi ya Bweri mjini Musoma, au mteja huupokea njiani Bunda, Kiabakari au Makutano.

Biashara hiyo iliwezekana baada ya M-Pesa kuanza nchini mwaka 2008 na mkongo wa Seacom kufika Dar es Salaam mwaka 2009. Haikuletwa na makampuni makubwa ya kuuza mtandaoni. Jumia, iliyojaribu kufanya hivyo katika nchi nyingi za Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, muda mfupi baada ya kufunga Cameroon.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mnunuzi. Kampuni ya aina ile husimama katikati: inapokea malalamiko, inarudisha mzigo, inarudisha fedha. Katika biashara ya Instagram na basi hakuna wa katikati. Fedha ikishatoka, mnunuzi anabaki na namba ya simu ya muuzaji na uaminifu wake.

Upande wa pili, duka la Musoma au la fundi wa Butiama nalo hununua kwa njia hiyo hiyo. Naye humpigia mtu wa Kariakoo au Mwanza, hulipa kwa simu na kusubiri basi. Nyongeza anayoiweka kwenye bei si faida tupu. Sehemu yake ni malipo ya kubeba hatari ambayo mteja angeibeba mwenyewe.

Hesabu ya kalamu na karatasi

Tuchukue mfano. Tuseme diski ya SSD inauzwa Sh85,000 dukani Musoma, na Sh65,000 kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo. Kwa haraka haraka, nafuu ni Sh20,000.

Lakini nauli ya mzigo, tuseme, ni Sh7,000 na makato ya kutuma fedha ni Sh2,000. Bei halisi mkononi inakuwa Sh74,000. Nafuu imeshuka hadi Sh11,000, na bado ni nafuu ya kweli.

Sasa tuseme spea imefika ikiwa mbovu, au haiingii kwenye mashine. Muuzaji ni mwungwana, anakubali kuibadilisha, lakini gharama za usafiri ni juu ya mteja. Kurudisha ni Sh7,000 na kuletewa nyingine ni Sh7,000. Nafuu yote imekwisha na mteja ameingia hasara ya Sh3,000.

Hapo hajahesabu siku. Steshonari inayobakiza Sh15,000 kwa siku ikisimama siku tano zaidi, imepoteza Sh75,000. Hasara jumla ni Sh78,000. Ili kuifidia kwa nafuu ya Sh11,000 kila mara, mwenye steshonari anahitaji kuagiza mara nane bila kukosea hata mara moja.

Hesabu hiyo inafundisha jambo ambalo mkulima analijua tangu zamani. Anayenunua jembe kabla ya mvua huchagua bei, na anayenunua mvua ikiwa imeanza huchaguliwa. Mashine ikiwa bado inafanya kazi na mwenyewe anataka kuiongezea nguvu, anaweza kuagiza mbali, kwani mzigo ukichelewa au kurudishwa, kazi haisimami. Mashine ikiwa imekufa msimu wa kazi, duka la karibu ndilo rahisi hata kama bei yake ni kubwa.

Hata hivyo, sharti ni kwamba duka hilo liwe tayari kupokea spea inayorudishwa. Duka lisilopokea spea mbovu halina tofauti na mtandao, isipokuwa bei yake ni ya juu zaidi.

Spea ipi, inunuliwe wapi

Spea hazifanani. Zipo ambazo zikiandikwa namba sahihi, mnunuzi hana haja ya kuzishika. Memori ni mojawapo. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwani pengo la kila moja limekatwa mahali pake, na ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya kompyuta ya mezani. Njia salama ni kufungua mashine, kupiga picha lebo ya memori iliyomo na kumtumia muuzaji.

SSD nazo zinaagizika, lakini zina mtego. Zile bapa zinazochukua nafasi ya hadi diski ya kawaida ya mpakato hutumia njia ya SATA na hazina tabu. Zile nyembamba kama ubao wa rula, ziitwazo M.2, ziko za SATA na za NVMe. Kwa macho zinakaribia kufanana, lakini mashine nyingi za zamani hukubali aina moja tu. Asiyejua mashine yake inataka ipi asiagize.

Chaja na betri ni vya kununua dukani, mashine ikiwa mkononi. Chaja huangaliwa volti, ampea na ncha, na baadhi ya mashine, zikiwamo za Dell, huitambua chaja kwa pini ya katikati. Zikikutana na ya bandia huwaka lakini hukataa kuchaji betri. Betri nayo haionyeshi uzee wake kwenye picha. Kuiagiza nje ya nchi ni kugumu zaidi, kwa kuwa kanuni za posta za kimataifa haziruhusu betri za lithiamu zilizo peke yake kusafirishwa kwa barua za ndege.

Vioo na bodi kuu za mtumba zijaribiwe mbele ya mnunuzi. Kioo kilichopasuka ndani ya basi huleta ubishi usio na mwisho: muuzaji atasema kilitoka kizima, kondakta atasema alipokea boksi lililofungwa.

Flashi na diski za nje zenye ukubwa wa kushangaza kwa bei ya kushangaza ni za kuogopwa popote. Zipo ambazo chipu yake imedanganywa ionyeshe ukubwa isiokuwa nao. Mwenye nayo huhifadhi mafaili, nafasi halisi inapokwisha mapya yanafuta ya zamani, naye hugundua siku anapoyahitaji. Kwa Amcos inayotunza daftari la wakulima, hasara hiyo haina bei. Kipimo chake ni kuijaza mafaili hadi mwisho, kisha kuyafungua yote kabla ya siku za kurudisha kwisha.

Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya kuhamia Windows 11, mwenye mashine aulize kwanza kama inakubalika. Programu hiyo inataka kinga ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane na kuendelea. Memori na SSD mpya haziwezi kuigeuza prosesa ya kizazi cha nne. Wapo wanaouziwa spea kwa ahadi hiyo, na ni fedha inayokwenda bure.

Vipi kuhusu Nairobi

Kwa kuwa Mara inapakana na Kenya, wapo wanaoona ni heri kuvuka Sirari na kununua kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi. Bei huenda ikavutia, lakini kuna dhana potofu kuhusu ushuru.

Utaratibu rahisi wa biashara mipakani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaohusu mizigo isiyozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Spea iliyotengenezwa China haigeuki ya Kenya kwa kuuzwa Nairobi. Anayevuka nayo anapaswa kuitangaza forodhani kama bidhaa ya nje. Aidha, ikiharibika, kuirudisha ni safari nyingine ya kuvuka mpaka.

Sheria ipo, ushahidi utunzwe

Mnunuzi wa mtandaoni hayuko nje ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe na kueleza bei na masharti, na inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Maana yake ni kwamba mazungumzo ya WhatsApp na ujumbe wa malipo havipaswi kufutwa. Muuzaji aulizwe kwa maandishi: ni mpya au mtumba, namba yake ni ipi, ikigoma inarudishwa ndani ya siku ngapi, na nauli ni ya nani.

Wakati wa kulipa, Lipa Namba ya biashara ni bora kuliko namba ya mtu binafsi. Jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilinganishwe na jina la duka. Muuzaji akibadilisha namba dakika za mwisho, huyo ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba za matapeli huripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Dukani nako, risiti ya mashine ya EFD, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, idaiwe. Bila risiti, siku ya kurudisha spea itakuwa neno la mteja dhidi ya neno la muuzaji. Spea bandia ni suala la Tume ya Ushindani (FCC), na maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" hayafuti haki ya aliyeuziwa kitu kibovu.

Kinachowezekana sasa

Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, mtandao ulizorota nchini, na aliyekuwa akitegemea kuagiza kwa simu alilazimika kusubiri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoua maduka ya jirani kwa tofauti ya shilingi elfu chache.

Lakini wenye maduka nao wabadilike. Mwenye duka la Musoma au fundi wa Kiabakari hawezi kushinda bei ya Kariakoo. Anachoweza kuuza ambacho Instagram haina ni kufunga spea, kuijaribu mteja akiona, na kuandika kwenye risiti siku za kurudisha. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, chenye makao yake makuu Butiama, kinaongeza watumiaji wa kompyuta wilayani, na soko hilo litakwenda kwa anayeaminika.

Wenye steshonari na Amcos nao hawalazimiki kusubiri mashine ife. Watatu au wanne wakiagiza pamoja, nauli ya mzigo mmoja inagawanywa. Chaja moja ya akiba na nakala ya mafaili kwenye diski iliyopimwa ni vitu vya kununua leo, kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, wakati mnunuzi bado ana nafasi ya kuchagua bei.