Aliyechepusha mto athibitishe kuwa samaki wanapita

Mvua zinapokolea nyanda za juu za Mau na maji ya Mto Sondu kugeuka rangi ya udongo, samaki waitwao ningu, waliokomaa, huliacha Ziwa Viktoria na kuanza kupanda mto. Wenzao huingia Nzoia, Yala, Kuja, Mara na Kagera. Hutaga kwenye majani ya kingo zilizofurika, na maji yakipungua, wazazi na vifaranga hurudi ziwani. Ningu aliyezuiwa wiki ile mto umefura hapati nafasi nyingine hadi mvua zijazo.

Samaki huyu amekwisha kuonja maangamizi. Katika miaka ya 1950 nyavu za makila zilitandazwa kwenye midomo ya mito, mahali hasa anapojikusanya kabla ya kupanda, na uvuvi uliokuwa ukilisha vijiji vya kandokando ukaporomoka. Leo ningu yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kiumbe wa namna hiyo hastahimili kizuizi kipya ambacho hakuna aliyekipima.

Na vizuizi vinaongezeka. Tangu 2008 maji ya Sondu huchepushwa kwenye banio na kupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6 hadi mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 60. Kati ya banio na mahali maji yanaporudi mtoni kuna kipande cha mto kinachoishi kwa kile tu kinachoachiwa. Kule Nzoia ya Chini, mradi wa umwagiliaji wa hekta zipatazo 4,000 nao unategemea banio. Hatuupingi umeme, wala hatumnyimi mkulima maji ya mpunga. Tunachokataa ni mto kugeuzwa njia huku hakuna anayehesabu waliokuwa wakiutumia.

Wako wanaojibu kwamba maporomoko ya Odino yaliwazuia samaki tangu zamani, kwa hiyo banio halikuongeza dhara. Hoja hiyo ipimwe, isitumiwe kufunga mjadala. Maporomoko hayafungwi na kufunguliwa kwa amri ya chumba cha mitambo. Tena samaki wakaao chini yake wanahitaji mafuriko yawafikie kwa wakati wake, na yawe na kina cha kutosha kuwafikisha kwenye majani ya kutagia.

Kupima kwenyewe si fumbo. Samaki huvuliwa juu na chini ya banio, wakahesabiwa kwa aina na kwa ukubwa. Baadhi hutiwa chini ya ngozi kidude kidogo mfano wa punje ya mchele, chenye namba yake, na antena iliyolazwa kwenye njia ya samaki huisoma namba hiyo kila anapopita, usiku na mchana. Kwenye mdomo wa mfereji huwekwa wavu wa matundu madogo kuona ni vifaranga wangapi wanasombwa kwenda mashambani, kwa maana samaki anayeingia mpungani ndiye asiyerudi. Kazi hii ifanywe mvua za masika na za vuli, miaka kadhaa mfululizo, na ianze kabla zege halijamwagwa. Ziara ya siku chache wakati wa kiangazi haioni uhamaji wowote, na ripoti inayotokana nayo haistahili muhuri wa serikali.

Wala kujenga ngazi ya samaki pembeni ya ukuta hakumalizi wajibu. Ngazi nyingi zilibuniwa kwa ajili ya salamoni wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Nguvu ya ningu ya kuogelea, kina anachokitaka na saa anazosafiri ni mambo ya kuchunguzwa kwake yeye mwenyewe, hapa.

Anayeona gharama ya utafiti ni kubwa atazame Mto Yellowstone, Marekani. Bwawa la Intake la kuchepushia maji ya umwagiliaji lilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1990 samaki wa kale aitwaye pallid sturgeon, ambaye mabuu yake huhitaji mamia ya kilomita za mto wazi ili yakue yakielea, aliingizwa kwenye orodha ya walio hatarini. Mfereji wa kumpitisha kando ya bwawa ulifunguliwa 2022, baada ya miaka mingi ya mabishano, na mwaka huohuo baadhi waliupanda.

Sheria yetu ya Kenya haihitaji kungoja karne. Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza kuzuia au kuchepusha mto bila idhini, na Sheria ya Maji ya 2016 inatambua kiasi cha maji kinachopaswa kubaki kwa ajili ya watu na viumbe wa majini. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye banio. Si wa mvuvi wa Nyakach, ambaye anaulizwa ushahidi wa samaki asiowaona tena.

Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ziweke sharti hili katika kila kibali, kipya au cha kuhuishwa: hesabu za samaki juu na chini ya banio zichapishwe kila mwaka, baada ya kukaguliwa na taasisi ya utafiti isiyolipwa na mwenye mradi. Asiyezitoa aamriwe kufungua milango ya banio msimu wa mvua mpaka azitoe.