Kiwayu: Faragha ya Mgeni, Maskani ya Mwenyeji

Katika Kiswahili, mahali palipohamwa na watu hapasifiwi. Huitwa mahame, na apitaye hapo usiku huharakisha mwendo. Wahenga nao walikwisha sema kuwa upweke ni uvundo. Ajabu ni kwamba utalii ulipofika Kiwayu uliona mali katika jambo hilo hilo: kimya, umbali, ufuo usio na nyayo.

Kiwayu ni kisiwa chembamba kaskazini-mashariki mwa visiwa vya Lamu, katika hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Bara, ng'ambo ya mkondo, kulikuwa na hoteli ya makuti na mikeka ambayo wageni waliifikia kwa ndege ndogo. Walichouziwa hasa ni kutokuwapo kwa watu wengine. Lakini watu walikuwapo: wavuvi Wabajuni, wake zao na watoto wao. Hata ufuo wenyewe haukuwa mtupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watoto wa Kiwayu walikuwa wakiunda vichezeo kwa kandambili kuukuu zilizotupwa na mawimbi, na kina mama wakaja kuigeuza kazi hiyo kuwa biashara.

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye silaha waliivamia hoteli hiyo. Mwingereza David Tebbutt aliuawa. Mkewe, Judith, alipelekwa Somalia na kuachiliwa Machi 2012. Msiba huo ulistahili kuandikwa, na uliandikwa sana. Hoteli ilifungwa, na kwa wasomaji wa mbali habari ya Kiwayu ikawa imekwisha. Kisiwani haikwisha. Uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, na kuna samaki wasiovuliwa ila usiku. Ajira za hotelini zilikuwa zimekwenda, na sasa bahari nayo ikafungwa nusu.

Je, fasihi ya Kiswahili imelisimulia hilo? Kwa uchache mno. Na hapa lawama haiwaendei watalii pekee, kwani wanazuoni wa Kiswahili nao wana desturi kama yao. Safari nyingi za masomo hukomea Lamu mjini, penye makumbusho na nyumba za mawe. Mwanafunzi hurudi na picha ya mlango wa nakshi, akidhani ameiona Lamu nzima. Kitikuu, yaani Kibajuni, hutajwa katika orodha ya lahaja na kuachwa hapo. Vave, nyimbo ambazo wakulima Wabajuni huimba usiku kabla ya kuchoma msitu walioufyeka, ni wangapi darasani wamewahi kuzisikia, seuze kuzichambua?

Itasemwa kwamba mpaka wa Somalia u karibu na usalama wa wanafunzi si jambo la mzaha. Ni kweli. Hata hivyo, Wabajuni wengi walikimbilia Malindi na Mombasa tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na wajukuu wao wapo huko hadi leo. Kwa anayetaka kuanza, nauli ya matatu yatosha: aende na kinasa sauti, abishe hodi, amwombe mzee asimulie usiku wa uvuvi ulivyokuwa kabla ya marufuku, kwa Kitikuu chake, bila kusahihishwa.