Baina ya "Namjua" na "Nilimwona"

Habari ya kwamba mtu wa kwetu amekamatwa katika nchi ya watu kwa tuhuma ya jinai kubwa haifiki peke yake. Hufika ikifuatana na hukumu mbili zilizokwisha katwa. Kabla polisi wa huko hawajamaliza kuhesabu vielelezo vyao, na kabla mshtakiwa hajapata wakili wala mkalimani, barazani watu wamekwisha gawanyika: hawa wanasema, "Namjua tangu utotoni, hawezi kutenda jambo hilo," na wale wanajibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Wa kwanza wana mapenzi bila ya ushahidi, wa pili wana uvumi bila ya mapenzi, na baina yao amekaa rafiki wa kweli, ambaye methali humwambia kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini haimwambii amfae mwenziwe kwa kitu gani.

Mtu aweza kudhani kuwa jambo hili ni la siri baina ya rafiki na dhamiri yake. Si hivyo. Marafiki wakikusanyika huchanga fedha, huandikia wabunge, hugonga mlango wa ubalozi na kuyajaza magazeti, na mara urafiki umegeuka kuwa kesi baina ya taifa na taifa, ambamo aliyekufa, ikiwa ni kesi ya mauti, hana mtu wa kumsemea ila wafiwa wake. Kwa hiyo ni haki tuulize hadharani: msaada wa rafiki unapaswa kuwa wa namna gani, na mpaka wake uko wapi? Rai yangu ni kwamba rafiki ana deni kubwa kwa mshtakiwa, walakini deni hilo si la kuapa kuwa hana hatia. Ni la kuhakikisha kwamba anahukumiwa kwa insafu, na la kusema bila ya kuongeza wala kupunguza kile alichokiona kwa macho yake.

Nitazame kisa ambacho ulimwengu mzima ulikijadili. Usiku wa tarehe 1 Novemba 2007, katika mji wa Perugia, Italia, mwanafunzi wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 21, Meredith Kercher, aliuawa chumbani mwake. Hazikupita siku nyingi polisi wakamkamata Amanda Knox, Mmarekani wa Seattle mwenye umri wa miaka 20, aliyekaa naye nyumba moja, pamoja na kijana wa Kiitaliano aliyekuwa mpenzi wake, Raffaele Sollecito. Mwaka 2009 Knox alihukumiwa kifungo cha miaka 26; mwaka 2011 akaachiwa kwa rufaa; mwaka 2014 akatiwa hatiani tena huko Florence; na tarehe 27 Machi 2015 mahakama ya mwisho ya Italia ikamwondolea yeye na mwenziwe hatia ya mauaji moja kwa moja. Aliyebaki na hatia hiyo ni Rudy Guede, kijana mzaliwa wa Ivory Coast, ambaye alihukumiwa katika kesi ya peke yake.

Huko Seattle marafiki hawakukaa kitako. Waliunda kikundi cha kumtetea, jamaa zake wakaajiri wataalamu wa kusema na magazeti, na miongoni mwa waliojitolea alikuwamo hakimu wa jimbo, Michael Heavey, ambaye binti yake alisoma pamoja na Knox. Hakimu huyu, kwa nia ambayo sina sababu ya kuitilia shaka, aliwaandikia wakubwa wa Italia barua za kumtetea binti yule, na akaziandika juu ya karatasi zenye anwani rasmi ya mahakama yake. Mwaka 2010 tume inayosimamia mwenendo wa mahakimu wa jimbo la Washington ilimwonya kwa kitendo hicho. Tafakari picha ile: mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kukataa ushahidi wa kusikia, amekaa mbali na Perugia kwa bahari na bara, anatumia heshima ya kiti chake kushuhudia usiku ambao hakuwapo. Mapenzi yalimfanya asahau kuwa jaha si ushahidi, na kwamba hakimu wa nchi nyingine akipelekewa barua ya namna ile huona amedharauliwa kabla ya kuona ameelimishwa.

Sasa tazama upande wa pili wa kisa kicho hicho. Knox alikuwa akifanya kazi katika baa ya Patrick Lumumba, Mkongo aliyefanya maskani yake Perugia. Jioni ya siku ya mauaji Lumumba alimpelekea ujumbe wa simu kumwarifu kuwa wateja ni wachache, asije kazini, naye akajibu kwa Kiitaliano cha mwanafunzi, akifuata mazoea ya lugha yake mwenyewe, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa, "Tutaonana baadaye, jioni njema." Sisi hatuhitaji kufasiriwa kauli hiyo. "Tutaonana" kwetu ni neno la kuagana, na twamwambia hata mtu ambaye hatutazamii kumwona mwaka mzima. Polisi waliisoma kama miadi ya usiku uleule. Katika mahojiano ya usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba, bila ya wakili, binti yule alitia sahihi maelezo yaliyomtaja Lumumba kuwa ndiye muuaji, na asubuhi Lumumba akachukuliwa nyumbani kwake mbele ya watu wake.

Ni nini kilichomtoa Mkongo huyu kifungoni baada ya majuma mawili? Hakuwa na kikundi cha kumtetea ng'ambo ya bahari, wala msemaji wa kulipwa. Alijitokeza mwalimu mmoja wa Uswisi akasema kwamba usiku ule alikuwa ndani ya baa, akazungumza na Lumumba, tena kwa muda. Basi. Hakusema kuwa Lumumba ni mtu mwema, wala kuwa Waafrika wanaonewa Ulaya, ingawa huenda yote mawili yangekuwa kweli. Alisema "nilimwona", akataja mahali na wakati, na neno hilo moja la mteja wa baa likawa na uzito ambao maelfu ya "namjua" hayawezi kuwa nao. Naye Knox, hata baada ya kusafishwa na mauaji, alibaki na hatia ya kumsingizia Lumumba, na hatia hiyo ilithibitishwa tena na mahakama ya mwisho mwezi Januari 2025, ijapokuwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikwisha amua mwaka 2019 kuwa usiku ule wa mahojiano alinyimwa haki yake ya wakili na ya ukalimani wa kufaa.

Najua jawabu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba lau kama marafiki wa Seattle wangelinyamaza, binti yao angalioza gerezani, na kwamba mwenye adabu mbele ya dhalimu huishia kuzika. Hoja hii ina nguvu, wala siidharau. Lakini tukichunguza ni kitu gani hasa kilichogeuza kesi ile, tutakuta kwamba mwaka 2011 wataalamu walioteuliwa na mahakama yenyewe ya rufaa waliupima upya ushahidi wa vinasaba, wakaona kuwa ule uliotolewa juu ya kisu kilichodaiwa kutumika katika mauaji haukuwa wa kutegemewa, na kwamba kifungo cha sidiria ya marehemu kiliokotwa siku 46 baada ya mauaji, wakati ambapo kilikwisha hama pale kilipoonekana mwanzo. Hilo lilikuwa swali la utaratibu, lililoulizwa na mawakili wa Kiitaliano, kwa Kiitaliano, mbele ya mahakimu wa Kiitaliano. Kelele zilizowaita Waitaliano washenzi wa zama za giza hazikuongeza hata ratili moja katika mizani hiyo. Bali ziliwapa watu wa pale sababu ya kukaza shingo. Ukelele wa kudai mkalimani ni halali. Ukelele wa kutukana nchi ni anasa, na bei yake hulipwa na aliye ndani.

Katika mlango huu wa utaratibu, maskini naye ana silaha. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963 juu ya mambo ya kibalozi, katika ibara yake ya 36, yanawalazimu wenye kumkamata mgeni wamjulishe bila ya kuchelewa kuwa ana haki ya ubalozi wake kuarifiwa, na yanampa balozi mdogo ruhusa ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Marekani ilivunja ibara hiyo kwa ndugu wawili wa Kijerumani walioitwa LaGrand, waliouawa kwa hukumu katika jimbo la Arizona mwaka 1999. Balozi hana ufunguo wa jela, wala hawezi kumwamrisha hakimu. Lakini rafiki anayejua ibara hii, akaufuata ubalozi siku ya kwanza na siku ya kumi, amefanya kazi kubwa kuliko aliyekusanya sahihi elfu za watu wasiomjua mshtakiwa.

Na itakuwaje ikiwa jambo lenyewe limetendeka? Hapa kisa cha Mkenya Stephen Munyakho kinatufunza lile ambalo Perugia haiwezi kutufunza. Huyu alikuwa akifanya kazi Saudia, na mwaka 2011 ugomvi wake na mfanyakazi mwenziwe, raia wa Yemen, uliishia kwa mauti ya mwenziwe. Alihukumiwa kifo, na kwa sheria ya kule shingo yake ikawa mikononi mwa warithi wa marehemu, ambao waweza kudai kisasi, kusamehe, au kupokea diya. Diya ilikubaliwa riyali milioni 3.5. Mama yake, Dorothy Kweyu, mwandishi wa habari wa siku nyingi, alihangaika miaka na miaka kuomba na kuchangisha; siku ya kuuawa iliyopangwa Mei 2024 ikaahirishwa; na mwaka 2025 Rabita, jumuiya ya Waislamu wa ulimwengu yenye makao yake Makka, ikalipa fedha zile, na Julai ya mwaka huo akarudi kwao.

Katika safari ile ndefu, kukana hakukuwa na soko. Waliomtetea hawakuweza kumpita marehemu kama jiwe la njiani, maadamu uhai wa mtu wao ulikuwa katika radhi ya wafiwa. Wapo wanaoilaumu diya kwa kuwa humwokoa mwenye fedha na kumwacha fukara, na lawama hiyo si ya bure. Hata hivyo ina adabu moja ambayo utetezi wa magazetini hauna: humlazimisha rafiki wa mshtakiwa ageuke, amtazame mama wa aliyekufa usoni, na kumwomba. Ndugu wa Meredith Kercher, katika siku zilezile ambazo Seattle ilisubiri furaha yake, walisikitika hadharani kwamba binti yao amekwisha sahauliwa. Kumtaja aliyekufa kwa jina, na kumtaja kwanza, hakumpunguzii mshtakiwa hata chembe ya haki yake.

Wahenga walisema kuwa mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Kuna waliojaribu kuikanusha. Rafiki mmoja wa Knox, mwenziwe wa chuo, aliacha makwao akahamia Perugia ili awe karibu na gereza la Capanne, amtembelee siku za ruhusa. Nauheshimu msaada huo kuliko matangazo yote ya Seattle, kwa kuwa ni msaada ambao ungalifaa hata kama mfungwa angalikuwa na hatia. Hauhitaji kwanza kujua matokeo ya kesi. Humwambia aliye ndani kuwa bado ni mtu, na haumdhulumu mtu yeyote aliye nje.

Kwa hiyo habari ya namna hii ikifika tena barazani, na itafika, maadamu vijana wetu wanatoka kila siku kutafuta riziki na elimu, tusianze na "hawezi" wala na "lisemwalo lipo". Tuulize jina lake kama lilivyoandikwa katika pasipoti, mji aliozuiliwa, wakili alionaye, na lugha aliyohojiwa kwayo. Aliyezungumza naye siku ile asifute ujumbe katika simu yake, hata ule anaouona hauna maana, wala asiufasiri kabla ya kuulizwa. Aliyemwona aseme saa aliyomwona. Asiyemwona atoe nauli. Na atakayefika hadi kwenye lango la gereza, muda wa kuonana ukiisha, amwambie mwenziwe neno letu la kuagana, "tutaonana", akijua kuwa safari hii polisi wakilisoma kama miadi, watakuwa wamelisoma sawasawa.