Kelele za Ramones Ndizo Dawa ya Joto

Kila likizo ya Desemba ikikaribia, huzuka ubishi darasani: joto hili la kaskazi lafaa muziki gani? Wengine hutaja rege, wengine Bongo, wengine taarabu za mama zetu. Mimi kura yangu naipa albamu ambayo wengi wenu hamjaisikia, na walioisikia kwenye simu ya kaka yangu wasema ati ni kelele tupu. Inaitwa Rocket to Russia, na ilitolewa mwaka wa 1977 na kundi la Ramones kutoka Queens, jijini New York.

Ramones walikuwa vijana wanne: Joey, Johnny, Dee Dee na Tommy. Hawakuwa ndugu, lakini wote walijiita Ramone kana kwamba wametoka tumbo moja. Muziki wao ni wa panki: gitaa linakwaruza, ngoma zaenda mbio, na wimbo ukianza tu, waelekea kwisha. Albamu nzima ina nyimbo 14 na haifiki dakika 32. Matatu ikikwama kwenye msongamano, unaisikiliza yote na kuirudia!

Wimbo ninaoupenda zaidi ni Rockaway Beach. Dee Dee aliutunga kuhusu ufuo wa bahari ulioko huko huko kwao Queens. Kijana yumo mjini, jua linawaka, anataka kwenda pwani lakini hana gari. Basi lipo, ila analalamika kwamba linajikokota na redioni wanapiga disko asiloitaka. Jamani, huyu si abiria wa matatu zetu? Nani kati yetu hajabanwa kiti cha nyuma, spika inamtetemesha miguu, na utingo akiombwa apunguze sauti anaongeza?

Hapo ndipo penye hoja yangu. Siku hizi likizo imekuwa ya wenye nacho. Mwingine atalipiwa masomo ya ziada, mwingine atasafiri. Sisi wa shule ya kutwa twabaki pale pale: kuteka maji, kulea wadogo zetu, kumsaidia shangazi kuuza mahamri. Basi twaanza kujiona maskini wa furaha pia. La hasha! Kijana wa wimbo ule haendi hotelini wala hapandi ndege. Aenda ufuo wa karibu na nyumbani, kama sisi tunavyokwenda Bamburi Jumapili na nauli ya kuhesabu. Furaha yake haikuhitaji pesa nyingi, na hakumwomba mtu ruhusa ya kuwa nayo.

Najua wakosoaji hawakosi. Wa kwanza watasema maneno si mazuri. Ni kweli, nyimbo nyingine zina mzaha mkali. We're a Happy Family, kwa mfano, ni kejeli juu ya familia iliyooza, na siwezi kuupiga mbele ya bibi. Lakini mbona mashairi yetu pia yana kejeli, na twafundishwa kuitafuta?

Wa pili watasema vijana hawa hawakujua kupiga ala. Mipigo yao ilikuwa michache, sikatai. Lakini Johnny aliipiga nyuzi akishusha mkono tu, kwa kasi ile ile, wimbo baada ya wimbo. Hebu jaribu dakika tano uone mkono wako utakavyouma! Na hawakuwadharau waliowatangulia, maana wameimba upya Do You Wanna Dance wa Bobby Freeman, wa mwaka wa 1958, na Surfin' Bird wa kundi la Trashmen, wa mwaka wa 1963.

Jambo moja hunichekesha. Albamu hii ya jua na bahari ilitoka Novemba, wakati New York baridi imeshaanza kuuma. Huko Marekani ilifika nafasi ya 49 tu. Lakini Novemba kwetu Mombasa ndipo joto linapanda. Kwao ilichelewa, kwetu ilifika kwa wakati wake.

Kundi lilivunjika mwaka wa 1996, na wote wanne wameshafariki. Joey alitangulia mwaka wa 2001 na Tommy akawa wa mwisho, mwaka wa 2014. Muziki wao bado unachemka.

Kwa hivyo naomba chama chetu kifikirie jambo. Kila tunapofunga mwaka, jukwaa hupewa wenye kinanda na waliolipiwa mafunzo. Safari hii tuwape nafasi pia wenye gitaa moja la nyuzi nne na debe la kupigia. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vijana wanne wenye mipigo mitatu waliweza kuutikisa ulimwengu. Wetu pia tuwasikilize kwanza, ndipo tuseme kama ni kelele.

Nawatakia likizo njema.