Kinaa kando ya Mto Tana
Kinaa wakati wa dhiki ni utulivu wa moyo unaotokana na kujua kwamba riziki iko mikononi mwa Mungu. Wakazi wa Garsen na vijiji vya delta ya Mto Tana wamelijua somo hili kwa vitendo. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko ya 2018 na yale ya mwisho wa 2023 yalisomba mashamba na kuwafukuza watu hadi miinukoni. Ukame wa 2020 hadi 2022 ukaua mifugo mingi. Imani hii kwamba riziki iko kwa Mungu, Waislamu huiita tawakali; Wakristo huiita kumtegemea Bwana. Dini zote mbili hukataza uvivu. Mfugaji wa Kiorma huwafungia ndama zizini kwanza, ndipo huomba dua. Mkulima wa Kipokomo, maji yakipungua, huingia shambani miguu ikizama, akapanda mpunga katika tope la mafuriko yale yale yaliyomhamisha, kwa kuwa ndilo lenye rutuba. Hapo ndipo kinaa huota: mkono hutenda, na moyo humwachia Mungu mavuno.