Tope la gesi ya samadi lisipotee

Mitambo ya gesi ya samadi si kitu kigeni nchini. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa mwaka 1981, kilianza kuieneza katika miaka hiyo hiyo ya 1980, na mwaka 2009 ukaanzishwa mpango wa kuifikisha kwa kaya za wafugaji katika mikoa mingi. Hata hivyo, mtambo unapozinduliwa macho yote huelekea jikoni. Wageni huonyeshwa moto wa samawati, chai huchemshwa, makofi hupigwa. Nyuma ya nyumba, tope litokalo mtamboni huachwa litiririke mtaroni.

Ni upotevu wa mali. Vijidudu vilivyomo ndani ya mtambo, mahali pasipo hewa, hula kaboni ya kinyesi na kutoa gesi. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu karibu zote hubaki katika tope. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huwa imegeuka kuwa amonia, ambayo mizizi huipokea upesi kuliko iliyomo katika samadi mbichi. Mwaka 2022, bei ya mbolea za viwandani ilipopanda hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku, mwenye mtambo alikuwa na mbolea uani kwake kila asubuhi, bila kungoja meli.

Tope hili lakini lina masharti. Amonia hiyo hiyo huruka hewani likianikwa juani. Hapana budi shimo liwekewe kivuli, na tope lifukiwe mara limwagwapo kwenye mahindi au migomba. Shamba likiwa mbali, lichanganywe na majani makavu liwe mboji, maana kubeba ndoo za uji ule kichwani ni adhabu, na kwa kawaida adhabu hiyo huwaangukia akina mama. Mboga ziliwazo mbichi zisimwagiwe.

Kasoro kubwa ni ya mgawanyo wa kazi. Mtambo umehesabiwa kuwa jambo la nishati. Fundi akishauwasha, kazi imekwisha, naye bwana shamba huona haumhusu. Afisa ugani afikaye katika kaya yenye mtambo aanze kukagua shimo la tope kabla ya jiko. Shule zenye mifugo na mtambo zipande matuta mawili ya mahindi, moja kwa tope na jingine bila tope, wanafunzi wapime mavuno wenyewe. Na taarifa za wilaya zinapotaja idadi ya mitambo iliyojengwa, zitaje pia idadi ya mashimo yanayolisha mashamba.